Sahani ya Mama wa Kambo

Nilikubali kumpokea mama wa kambo nyumbani kwangu kwa sababu moja tu: nilitaka sahani yake ipite mikononi mwangu. Majirani walinisifu kwa moyo mweupe. Niliwaacha wanisifu.

Nilipokuwa mdogo, upawa ulikuwa wake. Mwanawe wa kumzaa alipakuliwa wali wa kufurika, nyama juu, na soda pembeni. Mimi nilikwangua ukoko. Kliniki walinizungushia mkononi ule utepe wa kupimia watoto, ukaishia kwenye nyekundu, rangi ya utapiamlo, na mama wa kambo akamwambia nesi bila hata kupepesa macho, "Huyu anachagua sana chakula." Nesi akamwamini. Baba naye akamwamini. Nikabaki hivi hivi, mtu mzima ninayenunua viatu kwenye rafu ya watoto, huku kaka, yule mwanawe, akinenepa mpaka leo ngazi za ghorofa moja anazipanda kwa vituo.

Sasa sukari imempanda bibi yule, miguu imevimba, na mwanawe hamwezi. Daktari kaagiza mboga za kuchemsha kwa wingi, wali kiduchu, mafuta marufuku. Lo, nilivyompenda daktari yule! Kila mchana nilimwekea mama kabichi yake mezani kwa adabu zote, halafu nakwenda kukaanga nyama yangu, mlango wa jiko wazi, harufu imfuate mpaka kitandani.

"Mwanangu, hata mchuzi tu," alikuwa akiniomba.

Mwanangu! Miaka yote ile niliitwa "wewe".

Kitu nilichokitaka kwake kilikuwa kimoja: atamke alichonifanyia, tena mbele ya mwanawe. Kaka alipokuja kumjulia hali, akiwa bado anahema kwenye kochi, nilileta sahani ya nyama ya kukaanga nikaiweka mezani, mbali kidogo na mkono wa mama aliyekaa kitini.

"Mama, mwambie kaka kwa nini mimi sikukua."

Aliitazama nyama. Akameza mate.

"Nilimnyima," akasema. "Chakula chake nilikuwa nakupa wewe. Nesi nilimdanganya. Haya, nimeshasema. Nipe."

Nilidhani nitasikia raha. Nilisikia hasira tupu, maana hakunitazama hata mara moja. Maneno yote alikuwa anaiambia ile nyama. Angekiri chochote siku ile, hata kuua, ili mradi apate kipande. Nikaisukuma sahani kwa kaka.

"Mlishe wewe. Mama ni wako."

Kaka alichukua kipande, akakiangalia, kisha akakitia mdomoni mwake. Sidhani kama alikusudia. Akachukua cha pili. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini taya hazikusimama.

"Mwanangu," mama akasema, mkono kaunyoosha, "nibakishie."

Kaka aliitikia kwa kichwa, akaendelea kutafuna. Mama alijaribu kuinuka, miguu ikamgomea. Akabaki anahesabu kwa macho vipande vinavyokwisha, mpaka sahani ikawa nyeupe na kaka akawa anajilamba vidole.

Hapo ndipo mama alipoanza kulia, kile kilio cha njaa kisicho na nguvu. Nakijua vizuri kilio hicho. Nilivuta kiti, nikakaa karibu yake, nikakisikiliza mpaka kikaisha.