Nia ya Aliyeandika Habari za Bwawa

Verlene Outlaw alikuwa amefundisha darasa la tatu kwa miaka kumi na tisa katika shule ile ile, na miaka yote hiyo alifunga madirisha kila Alhamisi saa nane mchana, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku ambayo Pembrick, kampuni ya kufuga nguruwe, hunyunyiza mavi ya nguruwe mashambani. Hakuna aliyemwambia afunge. Ukishaishi tambarare hizi za mashariki ya Carolina Kaskazini, Marekani, mkono unajua wenyewe.

Alhamisi hiyo ilikuwa ya wiki ya mwisho ya shule, na darasani alibaki mtoto mmoja tu, Keyonna Faison, ameinamia kifungu chake cha mwisho cha kusoma. Keyonna alikuwa ameanguka mtihani wa jimbo kwa alama mbili. Sheria ya jimbo haina huruma: asiyefaulu kusoma, anarudia darasa la tatu. Ila imeacha mlango mdogo wa nyuma, nao ni jalada la vifungu vifupi, kila kifungu na maswali yake matano. Mtoto akipata manne katika kila kifungu, anapanda darasa. Keyonna alikwisha kuvivuka vyote isipokuwa hiki. Akianguka hapa, mwakani atakaa na watoto anaowazidi kichwa kizima, na Verlene alikwisha kuwaona watoto wa namna hiyo: wanaanza kunyamaza mwezi wa tisa, shule ikifunguliwa, na hawasemi tena.

"Mwalimu, nimemaliza," alisema Keyonna, akiweka karatasi mezani. "Na sababu nimeandika. Hukusema tuandike, lakini nimeandika."

"Nani kakutuma vya ziada, wewe?"

"Hakuna. Hilo swali la mwisho limeniudhi tu."

"Haya, kamngoje bibi yako nje. Nitakufuata."

Verlene alichukua kalamu nyekundu na karatasi ya majibu iliyotoka wilayani kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi. La kwanza sawa. La pili sawa. La tatu kakosa, kachanganya maana ya neno. La nne sawa. Likabaki la tano, lile analolifundisha hata usingizini: nia ya mwandishi ni ipi? Kushawishi, kuarifu au kuburudisha? Ukutani kulikuwa na pai kubwa ya karatasi iliyokatwa vipande vitatu, kila kipande na jina lake, na chini yake kanuni aliyoiandika kwa mkono wake: ukiona "bora" au "lazima", anashawishi, usipoyaona, anaarifu.

Karatasi ya majibu ilisema kuarifu. Keyonna alikuwa amezungushia kushawishi.

Ndipo Verlene akarudi juu kusoma kifungu chenyewe. Alipofika sentensi ya pili, akarudi mwanzo akaanza upya.

"Kila siku nguruwe hutoa samadi. Samadi hiyo huhifadhiwa katika bwawa la virutubisho. Vijidudu vidogo huifanyia kazi taratibu. Kisha maji ya kijani husafiri hadi mashambani, na mahindi hukua marefu. Familia nyingi za wilaya yetu hufurahia mavuno hayo."

Bwawa la virutubisho! Mavi ni mavi. Mavi ya nguruwe elfu nne yaliyojaa shimo lenye ukubwa wa uwanja wa mpira, yanatoa mapovu, yanageuka waridi jua likiwa kali, na nzi wake hawaogopi mkono wa mtu. Hakuna mtu wilayani anayeliita bwawa la virutubisho. Verlene alimjua mmoja tu aliyewahi kuandika hivyo, na huyo alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ameshika kalamu nyekundu.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka juzi. Pembrick iliwakusanya walimu sita kwenye hoteli yenye ubaridi mzuri, waandike vifungu vya kusoma ambavyo kampuni ingevitoa zawadi kwa shule za wilaya. Mwanamke wa kampuni, mwenye meno meupe na kucha za rangi ya pichi, aliwaambia, "Jamani, msitie 'bora', msitie 'lazima'. Nyie wenyewe ndio mnajua watoto wanavyofundishwa. Semeni tu mambo yalivyo." Wakacheka, kwa kuwa kila mmoja alijua kanuni ile. Verlene alikichana kifungu chake kama mtu anayetafuta chawa. Mwanzoni alikuwa ameandika "maji yenye harufu kali". Akayafuta maneno hayo mwenyewe. Hakuna aliyemwomba, na hilo ndilo lililomtia kinyaa kuliko yote. Jioni kila mwalimu aliondoka na paja zima la nguruwe lililopakwa asali.

Pembeni mwa swali la tano, kwa herufi zilizopandana, Keyonna alikuwa ameandika: "Anataka tulipende bwawa. Ametaja mahindi hajataja harufu. Bibi yangu haaniki nguo nje. Aliyeandika anajua ila ameruka."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema watu, na Verlene alihisi kama nguo zake zote zinanuka. Miaka kumi na tisa amewafundisha watoto kuwinda maneno mawili matatu, na huyu wanayesema hajui kusoma amesoma lisiloandikwa.

Alikwenda ofisi ya mkuu wa shule bila kubisha. Bwana Dwight Strickland alikuwa anakunja bendera ya mashindano, mtu mcheshi, mwenye tai yenye picha za samaki.

"Bi Verlene! Niambie huyo binti wa Faison kapita, niweke saini niende zangu."

"Kapita. Manne kati ya matano."

Strickland alitazama karatasi, akatazama ile ya wilaya. "Matatu, mama. La tano wanasema kuarifu."

"Wanakosea."

"Ah, usinichoshe. Karatasi ya majibu ni karatasi ya majibu. Tukianza kubishana nayo tutalala hapa."

"Isome, Dwight. Isome kwa sauti, halafu uniambie hilo bwawa umewahi kulinusa au hujawahi."

"Mimi nakaa upande wa ziwa," alisema akicheka. "Kwetu upepo hauji."

"Najua. Mkuki kwa nguruwe."

Kicheko kilikatika. "Sikiliza. Labda mtoto ana hoja. Lakini nani atathibitisha mwandishi alitaka nini? Jina lenyewe halipo. Unamjua wewe?"

Verlene angeweza kusema hapana. Mlango ulikuwa wazi, ubao wa matokeo uwanjani una jina la Pembrick, na kila Krismasi walimu wote wanapewa paja. Alikumbuka Keyonna akiweka ile karatasi mezani, kidevu juu.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika huo uchafu. Nilijua nataka nini, na haikuwa kuarifu."

Strickland alikaa. "Unaelewa wakisikia wilayani? Wewe ndiye msahihishaji, na wewe ndiye mwandishi. Hawatakupa tena jalada lolote usahihishe."

"Wasinipe tena. Lete karatasi."

Akaandika akiwa amesimama: "Mimi, Verlene Outlaw, niliandika kifungu hiki kwa niaba ya Pembrick. Nia yangu ilikuwa kushawishi. Nilifuta harufu kwa makusudi. Jibu la mtoto ni sahihi." Akatia saini. Strickland aliisoma mara mbili, akapumua kwa mdomo, akatia ya kwake chini.

Nje, Keyonna alikuwa ameegemea gari la bibi yake, Bi Ozelle Faison, mama mzee aliyekaa kwenye usukani, vioo vimefungwa mpaka juu na joto lote lile.

"Umepanda," Verlene alimwambia. "Darasa la nne."

Mtoto aliruka mara moja, kisha akatulia. "Kwa hiyo lile la mwisho nilipata?"

"Ulipata."

"Nilijua! Huyo mtu alikuwa anajua kila kitu, anajifanya tu. Anakaa wapi?"

Verlene alitaka kusema mbali. "Ni mimi, Keyonna. Mimi ndiye niliyekiandika."

Keyonna alimtazama kama anavyotazama neno jipya. "Sasa mbona uliruka?"

"Hakuna aliyenilazimisha. Walinipa paja la nguruwe."

"Zima?"

"Zima. La asali."

"Lilikuwa tamu?"

Mashine za Pembrick zilianza kunguruma ng'ambo ya barabara, na maji ya kijani yakapanda hewani. Bi Ozelle alishusha kioo kidogo, akakohoa, akaita, "Keyonna, mwambie mwalimu asante, mwanangu, tuondoke kabla harufu haijatufikia."

"Ngoja, bibi, hajanijibu."

"Lilikuwa tamu," alisema Verlene. "Tulikula lote."