Mti Ambao Haujawahi Kutoa Maua

Kwa miaka thelathini na mmoja, mwandika vibao aliandika majina ya miti katika bustani kongwe ya mimea iliyo katikati ya jiji, na muda huo wote mkewe hakuwahi kutia mguu ndani. Hakuna aliyemkataza. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, zamu zilimla, na kila siku ya mapumziko mumewe alimwambia kwamba yeye hana hamu ya kurudi kazini kwake akiwa amevaa nguo za nyumbani. Sasa wote wawili walikuwa wamestaafu. Asubuhi moja mke akavaa viatu vya raba, akafunga mkoba wake, akasema, "Leo unanipeleka."

Langoni mwandika vibao alisimama wima akingoja kutambuliwa. Mkata tiketi alimtazama, akaitazama na foleni iliyokuwa nyuma yake.

"Mkazi au mgeni?"

"Nilifanya kazi humu."

"Basi mkazi," alisema mkata tiketi, akakata mbili.

Mke hakucheka. Alikohoa tu, na mume alikijua vizuri kikohozi kile.

Bustani ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia. Ilikuwa na njia za changarawe, nyumba ya vioo iliyoanza kuliwa na kutu, bwawa la mayungiyungi, na ng'ambo ya ukuta maghorofa ya ofisi na honi za magari. Mwandika vibao alimtembeza mkewe kama alivyozoea kutembea mwenyewe, kutoka kibao hadi kibao.

"Tazama mkia wa hiyo g," alisema. "Brashi ilikuwa mpya siku ile."

"Na mti wenyewe?"

"Upo hapo nyuma yake."

Wakafika pembeni, karibu na kibanda cha pampu, penye mti mkubwa wenye gome la kijivu. Kibao chake kilikuwa kizuri kuliko vyote: herufi nyeupe juu ya rangi ya kijani, zimekaa kwenye mstari kama zimepimwa kwa uzi. MTI HUU ULILETWA KWA MELI UKIWA MCHE. HAUJAWAHI KUTOA MAUA.

"Baba watoto," mke aliita, "hivi vinavyoniangukia kichwani ni nini?"

Mume alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Majani."

"Majani meupe?"

"Machanga hayo."

Mke alichukua kimoja begani mwake, akakinusa, akamsogezea mumewe puani.

Wakati huohuo akaja mtembeza wageni na kundi la watu kumi hivi. Alisimama mbele ya kibao, maua yakimdondokea kwenye kofia. "Na huu, kama mnavyosoma, haujawahi kutoa maua." Wageni wakatazama juu, wakarudisha macho kwenye kibao, wakatikisa vichwa kwa kusikitika. Bibi mmoja alitoa daftari akaandika. Kisha wakaenda zao.

"Wameniamini," alinong'ona mwandika vibao.

"Umeandika vizuri mno," mke alisema.

Wakaenda ofisini. Afisa wa kumbukumbu, mama mpole mwenye kalamu mbili kifuani, aliwakaribisha viti, akasikiliza ombi lao la kukirekebisha kibao mpaka mwisho.

"Vibao vilivyoandikwa kwa mkono ni urithi wa bustani, mzee wangu. Haviguswi."

"Lakini niliviandika mimi."

Afisa alifungua faili, akafuata mstari kwa kidole. "Hapa imeandikwa kwamba mwandishi wake ni marehemu."

Mwandika vibao alimgeukia mkewe, kana kwamba yeye ndiye angejua.

"Nimempima presha asubuhi," mke alisema. "Ilikuwepo."

Afisa aliomba radhi sana, akasema kosa hilo litarekebishwa kamati itakapokaa, baada ya miezi miwili. Kuhusu maua hakuwa na taarifa. Ripoti ilikuwa haijafika mezani.

"Kuongeza kibao kingine chini yake kumekatazwa?" mke aliuliza.

Afisa alipekua kitabu cha kanuni ukurasa kwa ukurasa, na mwisho akakiri kwamba hakuna aliyekumbuka kulikataza hilo. Akawapa ufunguo wa stoo.

Stoo ilikuwa na makopo ya rangi yaliyokauka, isipokuwa moja. Mke alishika ubao, mume akachovya brashi.

"Nitaandika, mwaka huu umetoa maua kwa mara ya kwanza."

"Umejuaje ni mara ya kwanza?"

"Imeandikwa kwenye kibao."

"Nani alikuambia uandike hivyo?"

"Nilipewa karatasi na ofisi."

Mke alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama wagonjwa waliodai wamekunywa dawa. "Miaka thelathini na mmoja umepita chini ya mti ule. Ulishawahi kutazama juu, hata siku moja?"

Mwandika vibao aliilaza brashi juu ya kopo. Alikuwa mtu mkweli.

"Nilikuwa nafuata mstari," alisema. Mke akamwekea mkono mgongoni, akauacha hapo mpaka alipoweza kuchovya tena.

Alasiri walipigilia kibao kipya chini ya kile cha zamani. UNA MAUA. TAZAMA JUU. Rangi ilikuwa bado mbichi mtembeza wageni alipopita na kundi jingine. Alisoma cha kwanza kwa sauti, akaanza kusoma cha pili, akanyamaza katikati. Kisha akavua kofia na kuinua uso, na wageni wote wakafanya vivyo hivyo.

Mwandika vibao alikuwa amelala chali kwenye nyasi, mkewe ameketi ubavuni pake amenyoosha miguu. Mume alitazama juu mpaka machozi yakamtoka, akasema ni mwanga tu.

"Kuna na nyuki," alisema baadaye. "Wengi kweli."

"Usiandike," mke alimwambia.