Tromboni ya Mzee Ogada

Nyimbo mbili za kwanza Rodah alizisikiliza hadi mwisho. Wa tatu ulipofika katikati, akainua mkono.

"Simamisha hapo, Gordon. Rudisha nyuma kidogo."

Gordon alikuwa fundi wa sauti, mwenye studio juu ya duka la mbolea mjini Kericho. Akarudisha. Tromboni ikaimba tena, nyororo, bila mkwaruzo hata mmoja.

Mwezi uliotangulia, Rodah na wanamuziki wenzake kumi na sita walikuwa wamejifungia siku tatu katika ukumbi wa kanisa huko Kapkatet, wakirekodi albamu yao ya jazi. Nyimbo zote alizitunga yeye, na bendi aliiongoza saksafoni ikiwa shingoni. Mvua ikipiga mabati, wananyamaza. Ikikatika, wanaanza upya. Hakuna sauti ya siku zile aliyokuwa ameisahau. Katika wimbo huu Mzee Ogada, mmoja wa wapiga tromboni wake wanne, alikuwa amevuta pumzi nzito kabla ya noti ya juu, kama mtu anayejitwika gunia.

"Pumzi yake iko wapi?"

"Niliitoa," Gordon akasema, macho yakiwa kwenye kompyuta. "Kusema ukweli, madam, nilitoa tromboni zote nne. Zilikuwa zinayumba. Hizi ni za kompyuta. Zimetoka safi, ama?"

Rodah alihisi masikio yakimwaka moto.

"Huyo mzee amechuma chai miaka ishirini na sita. Mashine za kuchuma zilipoletwa akaambiwa aende nyumbani. Akanijia na tromboni aliyofundishwa kanisani, akafanya mazoezi mpaka midomo ikapasuka. Na wewe pia unamtoa uweke mashine?"

"Lakini jina lake liko kwa jalada. Nani atajua?"

"Yaani jina umeliacha, pumzi yake ukaitupa?"

Gordon akaanza kueleza habari za soko, na vile vijana wanavyosikiliza muziki siku hizi. Rodah akavuta kiti hadi mlangoni, akakikalia.

"Nipe rekodi zetu vile zilivyopigwa. Zote. Sitoki hapa, na mteja wako mwingine haingii."

Alikaa saa mbili. Aliposhuka ngazi, rekodi zote zilikuwa kwenye flashi mfukoni mwake, na za kompyuta pia.

Njiani alifikiria kumficha Ogada habari hizo. Akaona huko nako ni kumfuta mara ya pili. Alimkuta akikatia ng'ombe wa jirani majani, akamweleza yote.

Ogada aliweka panga chini. "Kwani nilipiga vibaya, mwalimu?"

Swali hilo lilimkasirisha Rodah kuliko maneno yote ya Gordon.

"Hukupiga vibaya!"

"Basi niwekee hiyo ya kompyuta niisikie."

Wakaisikiliza pamoja kwenye laptopu ya Rodah. Ogada aliinamisha kichwa mpaka mwisho. "Inapiga vizuri, sitadanganya," akasema. "Lakini hiyo noti ya juu imeipata bure tu. Haikuitafuta." Kisha akaomba yake, na ilipofika ile pumzi akacheka kwa aibu, akafuta macho.

Albamu ilimaliziwa na fundi mwingine, kila mtu na alivyopiga. Gordon aliomba jina lake litolewe kwenye jalada. Rodah akalitoa siku hiyo hiyo.

Juma la kwanza baada ya albamu kutoka, mtangazaji wa redio moja aliicheza asubuhi, akaisifu saksafoni, kisha akasema kwa kicheko kwamba tromboni zinayumba kidogo, labda wangetumia kompyuta. Rodah alikuwa jikoni. Akapiga simu, wakamweka hewani.

"Zinayumba kwa sababu zina watu ndani," akasema. "Na watu hao wana majina. Ogada. Kepher. Kipchirchir..."

Mtangazaji akamkata kabla ya jina la nne, akaweka tangazo la dawa ya kupe. Rodah akapiga tena.