Profesa Lundeen Alazwa Chali

Wanda Kozak alikuwa akisomea shahada mbili kwa mkupuo, kila moja na kitivo chake: maziko upande wa kusini wa chuo, maigizo upande wa kaskazini, na katikati barabara yenye upepo wa Minnesota usiomheshimu mtu. Kule kusini walimwona msanii mwenye mbwembwe. Huku kaskazini hakuna aliyekubali kula biskuti aliyoishika. Mshika mawili moja humponyoka, walimwambia wote, na kweli lilikuwa limeshaanza kumponyoka. Alipungukiwa krediti tatu za somo la kupaka nyuso za waigizaji. Bila hizo angehitimu mwezi wa tano na shahada moja tu, ya maziko, na muhula wa nyongeza haukuwepo: shangazi yake Halina, mwenye nyumba ya maziko mjini kwao, alimtaka kazini mwezi wa sita, na Halina hakuwa mtu wa kusubiri.

Sasa, kule kusini alishasomea kupaka nyuso za maiti, muhula mzima, akapata A. Akajaza fomu kuomba somo hilo lihesabiwe na huku pia. Ilihitaji sahihi moja, ya Profesa Lundeen wa maigizo, mzee wa miaka sitini na sita aliyepaka nywele rangi nyeusi mpaka ikamwagikia masikioni.

"Haiwezekani, binti," akasema profesa. "Watu wako hawapumui."

"Niliutazama mchezo wenu wa mwezi uliopita, Profesa. Na wako walikuwa wanapumua kwa shida."

Profesa akacheka. "Haya. Nipake mimi. Nirudishe nilivyokuwa na miaka arobaini. Ukiweza, nasaini."

Wanda akaomba picha, maana kule kwenye maziko hakuna anayeanza uso bila picha kutoka kwa familia. Profesa alikuwa nayo kwenye pochi, picha yake mwenyewe. Wanda akaunganisha viti vitatu akamwambia alale chali. Hakufikiri mara mbili. Maishani mwake alikuwa hajawahi kumpaka mtu aliyekaa. Akasimama upande wa kichwa, akaanza. Mzee yule msemaji, kufika dakika ya kumi, akanyamaza kabisa. Wanda akamkunjia mikono tumboni, kwa mazoea tu, akainama kumnyooshea tai.

Alipendeza, haki ya Mungu. Mikunjo imekwenda zake, mashavu yamerudi mahali pake.

Mlango ukafunguka. Bi Verna, karani wa kitivo, alikuwa ameleta mafaili. Akamwona bosi wake chali, mikono tumboni, na binti wa maziko kichwani pake ameshika brashi.

"Ametutoka saa ngapi?" akauliza.

Wanda akafungua kinywa amweleze. Kidole cha maiti kikamgonga kwenye kifundo cha mkono, taratibu: nyamaza. Akisema, sahihi imekwenda. Asiposema, anamfanyia mama wa watu ukatili. Akanyamaza, na aibu ikamchoma.

Bi Verna akavuta kiti akaketi. "Mzee msumbufu wewe," akamwambia marehemu. "Miaka kumi na tisa nakuletea kahawa, hujaniuliza hata siku moja kama mume wangu alipona. Hakupona, kama ulitaka kujua. Na michezo yako hiyo mirefu, yote nimekaa mpaka mwisho, mgongo unaniua, kwa sababu nilikuona nyuma ya pazia unachungulia nani amebaki." Akajifuta pua kwa bahasha. "Sasa nani nitamlalamikia?"

Chozi likamtoka marehemu, likachimba mfereji kwenye rangi. Bi Verna akaliona. Akasimama, akamchapa kichwani kwa faili nene kuliko yote.

"Mshenzi," akasema.

Profesa akaketi, na alipoketi tu uso wote ukateremka. Mashavu yakashuka, vivuli alivyopaka Wanda vikabaki juu peke yavyo, na arobaini ikawa tisini. Wote watatu wakakitazama kioo cha ukutani.

"Unaona?" akasema profesa. "Kazi yako inataka mtu alale."

"Naona," akasema Wanda. Ilimuuma kwa sababu ilikuwa kweli. Masomo yale hayakuwa mamoja hata kidogo. "Sijawahi kumwinua mtu baadaye." Akaanza kukusanya brashi zake.

Profesa akaivuta fomu. Penye sababu akaandika: mtazamaji aliamini. Akasaini.

"Lakini nimeshindwa, Profesa."

"Umeshindwa vibaya sana. Kila Ijumaa mpaka mwezi wa tano utakuja hapa kupaka watu waliokaa."

Bi Verna akachukua fomu akaipiga muhuri, bila kumtazama mtu. "Yale niliyosema," akasema, "nilidhani umekufa."

"Najua," akasema profesa. Akamsogezea kiti. "Mumeo alikuwa anaitwa nani?"