Viatu Kwanza

Mama Sabuni alikuwa na sheria moja tu, na wala haikutungwa na Bunge: marumaru ya Mnara wa Taifa haikanyagwi na viatu. Miaka kumi na tisa alikuwa akiipiga deki kila asubuhi, na aliipenda kuliko alivyompenda marehemu mumewe, ambaye naye alikuwa mgumu wa kuvua viatu mlangoni.

Siku hiyo aliisugua mpaka mgongo ukalia. Msimamizi wake, kijana anayenyoosha tai kila anapokosa la kusema, alikuwa amemweleza wazi.

"Saa nne Waziri wa Maji anakuja kuweka shada la maua. Marumaru iking'aa, nasaini mkataba wako mpya. Nikiona doa, Jumatatu usije."

Maji ya kudekia hayakuwa tatizo. Nyuma ya mnara kulikuwa na chemchemi iliyorusha maji juu usiku na mchana, bila mtu wa kuyanywa. Kutoka nayo hata chupa moja ilikuwa marufuku, mali ya taifa. Tatizo lilikuwa nyumbani, ambako bomba la mtaa lilikuwa halijadondosha hata tone kwa wiki saba. Mama Sabuni alirudi kila jioni akiwa msafi hadi magotini, akamkuta mjukuu wake amepanguswa kwa kitambaa kikavu. Roho ilimuuma.

Saa tatu zikasikika ndoo. Watu kama mia tatu, majirani zake wenyewe, walikuja wakizipiga zikiwa tupu. Aliyewaongoza, filimbi mdomoni na mtoto mgongoni, alikuwa mkwe wake, fundi cherehani.

Mama Sabuni akasimama juu ya ngazi na dekio lake. Sakafu ilikuwa bado mbichi.

"Viatu!" akafoka.

Filimbi ikakatika. "Mama, haya ni maandamano," mkwe akasema kwa adabu.

"Naona. Nani kawakataza kuandamana? Viatu kwanza."

Basi wakavua. Watu waliotoka kuimba kwamba hawamwogopi mtu yeyote wakapanga ndala zao mbili mbili chini ya ngazi, wakiulizana nani atazilinda, kisha wakapanda juu miguu mitupu.

Polisi hawakukawia. Kamanda akapanda ngazi mbili, kipaza sauti mkononi. "Mnaamriwa kutawanyika mara—"

"Viatu, Kamanda."

"Mama, mimi niko kazini."

"Na mimi niko wapi, harusini?"

Kamanda akatazama dekio, akatazama vijana wake. Sauti ya namna ile, ya mama aliyesimama mlangoni, aliijua tangu utotoni, na haikuwahi kushindwa. Akainama kufungua kamba za buti, na kikosi kizima kikainama naye. Soksi yake ilikuwa imetoboka, kidole gumba kikichungulia nje, na harufu iliyotoka hapo iliwarudisha nyuma watu wa mbele bila hata kirungu kimoja kuinuliwa.

"Wiki saba," Kamanda akajitetea kwa sauti ya chini. "Hata kwenye kota zetu hakuna maji."

Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa. Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko, na wale vijana wake wakacheka kuliko wote. Baada ya hapo nani angempiga nani?

Ndipo Mama Sabuni alipotazama chini. Viatu vingeleta vumbi la kufagia tu. Lakini miguu iliyokosa maji wiki saba, juu ya sakafu aliyoilowesha kwa mikono yake mwenyewe, ilikuwa imechora matope kila mahali. Visigino, vidole, na soksi za serikali. Mwerevu yeye, kajimaliza mwenyewe!

Msimamizi akafika mbio. "Futa! Una dakika kumi!"

Mama Sabuni akachota ndoo kwenye chemchemi. Alipoitua karibu na mkwe wake, mtoto akajipinda mgongoni kwa mama yake, akatumbukiza kiganja, akayapigapiga maji na kupiga kelele za furaha. Bibi yake akajua atakalofanya, akaogopa, aliogopa kweli. Kwa umri wake kazi nyingine angeipata wapi?

"Mvue nguo," akamwambia mkwe.

Akamwogesha mjukuu palepale, kwa sabuni, mpaka nyuma ya masikio.

"Maji yameisha, bosi," akasema, chemchemi ikimrushia matone kisogoni.

Gari la Waziri likasimama pembeni, upande wa ngazi ambao haukuwa umekanyagwa. Mama Sabuni akawahi kufika.

"Viatu, Mheshimiwa."

Msimamizi alikamata tai yake kwa mikono miwili. Waziri akaona simu zilivyoinuliwa, akatabasamu, akavua viatu na soksi. Miguu ilikuwa laini, imepakwa mafuta. Akatembea juu ya marumaru nyeupe, akaweka shada, akarudi garini.

Watu wakainama kutazama alipopita. Kamanda naye akainama. Hapakuwa na alama hata moja. Safari hii hakuna aliyecheka, na Waziri mwenyewe, kiatu kimoja mkononi, aligeuka akatazama upande ule mwingine wote uliojaa nyayo. Tabasamu likamwishia.

"Futa," Msimamizi akanong'ona.

"Nianzie wapi, bosi? Alipopita Mheshimiwa ni safi tayari."

Mkataba haukutoka mfukoni mwa Msimamizi.

Jumatatu bomba la mtaa likakohoa, likatema kutu, likatoa maji. Mama Sabuni aliyaona mwenyewe, mchana kweupe, maana hakuwa na kazi ya kwenda. Akalia kidogo, nusu furaha, nusu hofu ya kesho. Kisha akajaza ndoo mbili, akaelekea ndani.

Mkwe wake alikuwa amepiga magoti sebuleni, anadeki, sakafu inameremeta. Hakuinua hata kichwa.

"Viatu, mama."