Suruali ya Usaili

Kaka yangu ni mtu wa kuamini vitenzi. Ukimwambia "nakuja", anakaa kukusubiri, hata kama amekuona kwa macho yake ukivaa viatu na kutoka mlangoni.

Siku ya usaili wake wa kazi ya ukarani, ilipofika saa tatu asubuhi, suruali ilikuwa bado kwa fundi cherehani. Usaili ni saa tano. Suruali yake nyingine ina kiraka matakoni, na kiraka kina maua.

"Fundi anaipiga pasi," akaniambia, uso umekunjuka.

"Nani kasema?"

"Mwenyewe, kwenye simu. A-na-i-pi-ga. Si alipiga, si atapiga."

"Mpigie tena, weka spika."

Fundi akapokea. "Bosi wangu! Naipiga pasi hapa, mvuke unaniunguza vidole!"

Nyuma ya sauti yake kitu kilikuwa kinanguruma, zzzzz. Kisha mtu akasema, "Inamisha kichwa, mzee."

Nikakata simu. "Kaka, hiyo pasi inapita kisogoni kwake. Twende."

Kinyozi yuko mlango wa tatu kutoka kwa fundi. Tulimkuta fundi kitini, kitambaa shingoni, upande wa kushoto upara mtupu, wa kulia msitu. Alituona kwenye kioo.

"Wadogo zangu! Nilikuwa natoka hivi!"

"Suruali je?" kaka akauliza.

"Imeisha. Bado kushona tu."

Kaka akashika ukuta. Nilimwonea huruma, lakini kicheko kilinishinda.

"Kaka kinyozi," nikasema, "zima hiyo mashine."

Nilidhani atanifukuza. Akazima. "Na mimi koti langu liko kwake tangu mvua za mwaka jana," akasema. "Mzee, kashone. Ukileta suruali ya kijana na koti langu, utapata upande wa pili."

"Utaniaibisha mtaani!"

"Basi shona haraka."

Fundi akashona barazani. Kwa kawaida, akiona mteja anakuja, yeye hujificha nyuma ya vitambaa vilivyotundikwa, lakini kichwa kile cha nusu upara kilionekana tangu ng'ambo ya barabara. Watu walikuja kucheka, wakimtambua wanakumbuka nguo zao. Mama mmoja alijiwekea kiti kabisa.

Saa tano kasoro robo suruali ikatoka, ya moto. Mguu mmoja umeupita mwenzake kidogo. Kaka akavaa nyuma ya pazia, akatoka mbio.

Alirudi saa nane, anatembea polepole kama mwenye cheo.

"Wamesema naanza Jumatatu."

"Ukasemaje?"

"Nikauliza Jumatatu ya tarehe ngapi, na je, hiyo 'unaanza' ya meneja si sawa na 'naipiga pasi' ya fundi?"

"Kaka! Umemuuliza hivyo?"

"Hilo la pili nililiuliza moyoni. Tarehe nimeandikiwa." Akaniwekea karatasi mkononi, yenye mhuri.