Dereva wa Bwana Mansour

Elkanah Wekesa alishuka basi Jedda saa moja asubuhi, siku ya Ijumaa, miguu imevimba kwa safari ya usiku kucha kutoka Riyadh, na bado alikuwa akitabasamu peke yake. Ungemwona ungedhani ameoa jana. Alivaa koti la samawati alilolinunua kwa ajili ya siku hiyo moja tu, na begini alibeba shati la pili, kwa sababu la kwanza hakuliamini mbele ya joto la Jedda.

Alikuwa na haki ya kutabasamu. Miaka saba amekuwa dereva wa nyumbani wa Bwana Mansour, na kazi hiyo, waulize wanaoifanya, kuendesha ni kidogo. Kubwa ni kungoja. Unangoja nje ya shule, nje ya saluni, nje ya kliniki, nje ya harusi ya watu usiowajua. Wenzake hulala juu ya usukani. Elkanah yeye akaanza kupiga video kwa simu. Alimpiga video Mhindi anayenyoa ndevu kwa kioo cha pembeni cha Land Cruiser. Alimpiga Msudani anayeimba huku akipangusa taa za mbele. Alimpiga Hillary, Mkenya mwenzake, akimfundisha mwanawe hesabu kwa simu na kuandika majibu kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. Miezi minane hiyo. Akakata, akaunga, kwenye simu hiyo hiyo, zikabaki dakika kumi na nne. Akaiita *Kungoja*, akaipeleka kwenye tamasha la filamu fupi la Jedda, na siku moja akiwa anangoja nje ya duka la pazia, jibu likaingia: imechaguliwa, karibu.

Hakumwambia bosi habari hiyo. Alimwambia anakwenda kumwona dada yake, binti wa shangazi, anayefanya kazi mtaa wa Al-Hamra, Jedda. Bosi akasema tayyib, sawa, Jumamosi jioni uwe umerudi. Wala haukuwa uongo, maana huyo dada, Rosebellah, alikuwa tayari kituoni anamngoja, kajitanda shela ya maua na mkoba kwapani.

"Aki wewe!" alipiga kelele hata kabla ya kumsalimu. "Mbona umevaa koti kama unaenda kuapishwa?"

"Dada, leo mimi ni mtu mkubwa."

"Mtu mkubwa hunywa chai kwanza. Yalla, twende."

Rosebellah ana miaka tisa Jedda, na Ijumaa ndiyo siku yake ya mapumziko. Balad, mji wa kale, anaujua kuliko jikoni kwa madam wake. Tamasha lilikuwa huko huko, ndani ya nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, kwa hiyo walikunywa chai ya maziwa pembeni ya soko, wakala ful, maharage ya kupondwa, kwa mkate wa moto, kisha wakaenda moja kwa moja kwenye dawati la wageni kuchukua beji. Elkanah aliiweka sawa kola yake.

Binti wa dawatini alikuwa mpole, anaongea Kiingereza laini. Elkanah akamwambia jina la filamu. Binti akapekua bahasha, akatoa beji kubwa yenye kamba nyekundu, akaisoma kwa heshima.

"Ustadh Mansour bin Saleh. Wewe ni dereva wake?"

Elkanah akajibu bila kufikiri, jinsi anavyojibu kila siku ya Mungu. "Ndiyo, mimi ni dereva wake."

"Mpelekee. Mwambie tunamsubiri saa kumi." Akamkabidhi.

Walipofika nje ndipo akili ilipomrudia. Alisimama katikati ya njia, mchukuzi na mkokoteni wake akimpigia makelele apishe, na yeye ameikodolea macho beji ile kama barua ya mahakama.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na hili angelifanya tu mtu aliyeishi kwa ikama, kibali cha ukaazi. Nchini humo kila karatasi anayoijaza ina mahali pa kafili, mwajiri anayekudhamini. Laini ya simu, kafili. Kadi ya hospitali, kafili. Hata kifurushi cha viatu kikitoka ng'ambo, utaulizwa kafili wako nani. Basi fomu ya tamasha ilipouliza mwenye filamu ni nani, mkono wake uliandika Mansour bin Saleh kabla kichwa hakijaulizwa. Yeye akajiweka chini kabisa, penye mtu wa kupigiwa simu.

Rosebellah alipoelewa, alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakasirika.

"Miaka saba unaosha gari, kumbe ulikuwa unaosha na akili! Filamu umepiga wewe, umeikata wewe, unamgawia mtu ambaye hata hajui iko? Rudi ndani!"

Wakarudi. Binti akasikiliza, akasikitika kweli, lakini mikono yake ilikuwa imefungwa. Jina lililoandikishwa ndilo hilo, na huwezi kumwondoa mtu kwenye kazi yake kwa neno la dereva wake, sivyo? Mwenye jina apige simu athibitishe. Halas, basi.

Hapo ndipo jasho lilipomtoka Elkanah, na si la joto. Kumpigia bosi maana yake ni kumwambia: nimetumia jina lako bila ruhusa, kwenye jambo la hadharani, na gari lako limo kwenye filamu. Madereva wamerudishwa kwao kwa mambo madogo kuliko hayo. Akapiga hata hivyo. Simu ikaita, ikaita. Ijumaa bosi huwa shambani nje ya Riyadh na ndugu zake, simu kaitupa ndani ya gari.

"Basi," akasema. "Wataonyesha tu. Watu watatazama, nitakaa nyuma, nitaona. Inatosha."

"Inamtosha nani?" Rosebellah akafyonza. "Twende utembee kwanza. Sura yako hiyo itaharibu Ijumaa yangu."

Wakatembea. Rosebellah alimpitisha kwenye vichochoro vya Balad, chini ya roshani za mbao zilizochongwa maua, kuukuu, zingine zimeinama kidogo juu ya vichwa vya watu. Walipanda nyumba moja ya ghorofa tano ambayo ngazi zake ni pana na fupi, na mlinzi akawaambia zilijengwa hivyo ili ngamia apande na mizigo mpaka jikoni. Elkanah akasema huyo naye alikuwa dereva mwenzao. Walikula balila, dengu za siki na pilipili, kwenye vibakuli vya karatasi. Adhana ya Ijumaa ilipolia maduka yakafungwa yote, wakakaa kivulini na paka kumi na wawili wa mtaa ule, Rosebellah akiwahesabu kwa sauti.

Na kila walikopita tamasha lilikuwapo. Kwenye uwanja mmoja mdogo, pembeni ya lango la zamani, walikuwa wametundika picha za filamu, kila moja ndefu kama mlango. Elkanah alitazama moja, akapita, kisha akarudi kinyumenyume.

Alikuwa Hillary. Hillary wa Kitale, kidole kwenye kioo chenye vumbi, saba mara nane hamsini na sita, uso umejaa subira. Wasichana wawili walikuwa wanajipiga picha mbele yake. Mzee mmoja wa Kihijazi, mwenyeji wa Jedda, fimbo mkononi, alisimama akaitazama kwa muda mrefu, akamwambia mjukuu wake kwa Kiarabu kwamba huyu mtu ni baba wa mtoto, ona macho yake.

Rosebellah akamtafsiria. Elkanah alivimba kifua mpaka koti likambana, na machozi yalikuwa karibu, nayo aliyaona ni haki yake. Angalia basi! Alipiga picha ile nje ya kliniki ya meno, amekaa kwenye kiti chenye mfuniko wa nailoni, na leo mzee wa watu anaisoma kama kitabu.

Chini ya picha, kwa herufi nzuri, jina la Mansour bin Saleh.

"Sasa useme tena inatosha," Rosebellah akasema polepole.

Elkanah akaitia beji mfukoni.

Saa kumi ukumbi ulijaa. Ulikuwa ua wa nyumba ya mfanyabiashara wa zamani, viti mia na ushee, pazia jeupe ukutani. Wao wawili walikaa nyuma kabisa. Filamu ilipoanza Elkanah aliwatazama watu, siyo pazia. Waliona Mhindi akinyoa, wakacheka pale alipotaka wacheke. Msudani alipoimba, mtu mmoja safu ya tatu akaimba naye. Hillary alipomwambia mwanawe kwa Kiswahili, tafsiri ikipita chini ya picha, "Usiogope hesabu za sehemu, ni mkate tu uliokatwa," ukumbi ukatulia kabisa. Taa zilipowaka walipiga makofi muda mrefu, na Rosebellah alikuwa analia bila aibu, anafuta pua kwa ncha ya shela.

Mwendesha kipindi, mwanamke mwenye miwani, akashika kipaza sauti. "Tunaye mwenye filamu hapa. Ustadh Mansour bin Saleh!"

Hakuinuka mtu.

"Ustadh Mansour!"

Elkanah akajikuta amesimama. Haukuwa ushujaa, tusimpakie mafuta. Miaka saba, jina la bosi likiitwa popote, hospitalini, gereji, kwa wakala wa bima, anayesimama ni yeye. Miguu ilisimama kwa mazoea tu. Watu wakageuka, makofi yakaanza, na yeye akaona njia rahisi iko wazi mbele yake: aseme bosi ameshindwa kuja, anawashukuru, akae. Kazi yake salama, ikama salama, Jumamosi jioni yuko Riyadh.

"Mimi ni dereva wake," akasema kwa Kiarabu chake cha barabarani.

Makofi yakapungua. Mtu mmoja akamtabasamia kwa huruma, ile huruma wanayopewa madereva. Hiyo ndiyo iliyomchoma. Akavuta pumzi, na sasa akaongea Kiswahili, kwa sababu Kiarabu chake hakikuwa na maneno ya kutosha, na Rosebellah akaruka juu kando yake kutafsiri.

"Bwana Mansour ni kafili wangu. Hajui kama niko hapa. Nilipojaza fomu niliandika jina lake kwa mazoea, kwa sababu kila karatasi naandika jina lake. Lakini yeye hajapiga hata picha moja. Niliwapiga mimi. Wale ni rafiki zangu. Nilikuwa nangoja pamoja nao."

Rosebellah alitafsiri kwa sauti ya mtu anayegombana na muuza nyanya. Alipofika kwenye fomu, nyuma yao mtu akacheka kwa nguvu, akafuatwa na mwingine, wale waliokwisha kujaza fomu kama hizo. Kisha wakasimama. Safu ya nyuma kwanza, halafu katikati, mpaka yule wa huruma.

"Utwambie jina lako kamili," mwanamke wa miwani akasema, na kalamu alikuwa ameshaishika.

"Elkanah Wekesa Simiyu."

"Kwa sauti!" Rosebellah akamsukuma mbavuni.

Akalitaja kwa sauti, na kuta za mawe zikalirudisha.

Walikuwa bado uani, watu wanampa mikono, simu ilipoita. Bosi. Elkanah akasogea pembeni, akapokea, akasema yote bila kupumzika, fomu, jina, beji, ukumbi, na kwamba amesimama mbele ya watu akaeleza. Upande wa pili ulivuma upepo wa shambani.

"Mimi nimo ndani yake?" bosi akauliza.

"Hapana, bosi. Gari tu limo."

"Gari ni langu."

Sauti ilikuwa ngumu, na Elkanah hakujua kama ni hasira au utani. Katika miaka saba hajawahi kumkatalia mtu huyu kitu chochote. Alisimama wima.

"Gari ni lako, bosi," akasema. "Filamu ni yangu."